Kuwaombea Marehemu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Novemba ikikaribia, maswali haya hurudi kila mwaka: jumuiyani, msibani, hata kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Nimeyakusanya hapa jinsi watu wanavyoyauliza. Majibu yanafuata mafundisho ya Kanisa Katoliki, na pale ninapotoa maoni yangu nitasema wazi kuwa ni yangu.

Mtu akishakufa si ameshahukumiwa? Sala zetu zitabadilisha nini?

Hukumu haibadiliki. Aliyekufa akiwa amemkataa Mungu kabisa, sala haimhamishi, na aliyekufa katika urafiki na Mungu ameshaokoka. Ila wengi wetu tunaondoka duniani tukimpenda Mungu huku bado tumebeba vinyongo, tabia mbaya zisizokwisha, na madeni ya haki ambayo hatukuyalipa. Kitabu cha Ufunuo 21:27 kinasema hakiingii kamwe mbinguni chochote kilicho kinyonge. Basi huyo rafiki wa Mungu anatakaswa kwanza, na utakaso huo ndio tunaouita toharani. Sala zetu zinamsaidia hapo. Ubatizo ulituunganisha katika mwili mmoja na kifo hakiuvunji, kwa hiyo walio hai, walio toharani na walio mbinguni ni familia moja. Ukimwombea mgonjwa aliye hospitali ya Bugando, Mwanza, nawe uko Mbeya, hushangai kwamba Mungu anasikia. Marehemu naye hayuko mbali na Mungu kuliko huyo mgonjwa.

Imeandikwa wapi katika Biblia?

Andiko kubwa liko katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia mstari wa 38. Lisome lote, usiishie kwenye ule mstari mmoja unaonukuliwa kila mara, maana habari yenyewe inatugusa kwa karibu sana. Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, na watu wake wanarudi uwanja wa vita kuwazika wenzao. Wanapoinua maiti, chini ya nguo za kila mmoja wanakuta hirizi za miungu ya Yamnia. Hawa walikuwa askari wa Bwana, wamekufa wakitetea dini yao, na kumbe walikuwa wamejifunga hirizi kwa siri! Yuda angeweza kusema wamevuna walichopanda, akawafukia aondoke. Badala yake watu wote wanaanza kusali ili dhambi hiyo ifutwe, kisha Yuda anachangisha fedha, drakma 2,000, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Mwandishi anasema alifanya vema, kwa kuwa alifikiria ufufuko: asingetarajia wafu wafufuke, kuwaombea kungekuwa upuuzi.

Ndugu zetu Waprotestanti hawana kitabu hiki katika orodha yao ya Maandiko, kwa hiyo usikitumie kuwashinda kwenye mabishano. Waoneshe pia 1 Wakorintho 3:13-15, ambapo Paulo anasema juu ya mtu ambaye kazi yake itateketea lakini yeye ataokolewa, ila ni kama kwa moto. Na 2 Timotheo 1:16-18, Paulo anawaombea rehema watu wa nyumba ya Onesiforo, halafu anamwombea Onesiforo mwenyewe apate rehema siku ile. Wengi wanaosoma hapo wanaona Onesiforo alikuwa ameshafariki.

Toharani ni mahali? Kuna moto? Mtu anakaa miaka mingapi?

Mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Lyon (1274), Firenze (1439) na Trento (1563) ilifundisha mambo mawili tu ya msingi: utakaso upo, na sala za waamini, hasa sadaka ya Misa, zinawasaidia wanaotakaswa. Mengine, yakiwemo mashimo yenye ndimi za moto uliyoyaona kwenye picha za zamani, si mafundisho yanayokubana. Papa Yohane Paulo wa Pili, tarehe 4 Agosti 1999, alieleza kwamba toharani si mahali bali ni hali. Benedikto wa Kumi na Sita, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya matumaini, alieleza kwamba baadhi ya wanateolojia wanauona moto huo kuwa ni Kristo mwenyewe: kukutana naye kunaunguza uongo wote ndani yetu, na kunaponya. Muda wake haupimwi kwa saa zetu.

Huenda kitabu cha sala cha bibi yako kina maneno kama "rehema ya siku 300" chini ya sala fulani. Rehema hapa ni kufutiwa adhabu inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Hizo hazikuwa siku za kupunguziwa toharani. Zilihesabiwa kwa kipimo cha malipizi ambayo Wakristo wa kale walipewa hapa duniani. Papa Paulo wa Sita aliziondoa hesabu hizo mwaka 1967.

Mama yangu alikuwa mtu wa sala kweli kweli. Kwenye mazishi kila aliyesimama alisema "mama yuko mbinguni tayari." Bado nimwombee?

Mwombee. Tena hili ndilo swali ambalo ningependa kila familia ilitafakari kabla msiba haujagonga hodi.

Siku hizi mazishi yetu yanamtangaza kila mtu mtakatifu. Wasifu unasomwa, salamu za rambirambi zinafuatana, fulana zenye picha zimechapishwa, na kila mzungumzaji anamweka marehemu mbinguni kabla jeneza halijashushwa. Nia ni njema, tunataka kufarijiana. Ila matokeo yake naona ni ya kusikitisha: tukishasema amefika, hakuna anayemwombea tena. Matanga yakianuliwa, turubai na viti vikirudi kwa mwenyewe, marehemu anabaki peke yake. Haya ni maoni yangu, lakini nadhani hakuna dhuluma ya upole kama hii.

Mtazame Mtakatifu Agustino, askofu wa kale wa Afrika ya Kaskazini. Mama yake, Monika, alifariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Alikuwa amemlilia mtoto wake miaka mingi mpaka akaongoka, na leo sisi tunamwita mtakatifu. Kabla hajafa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike kuurudisha Afrika, ila akawaomba jambo moja: wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Na Agustino, aliyemjua mama huyo kuliko mtu yeyote, anaandika katika Maungamo kwamba anayaweka kando kwa muda matendo yake mema, ambayo anamshukuru Mungu kwa ajili yake, na sasa anaomba kwa ajili ya dhambi za mama. Halafu anawasihi wasomaji wake wamkumbuke Monika na Patrisi, mume wake, kwenye altare. Kama mtoto wa Monika hakuona haya kusema mama yake alihitaji msamaha, mimi na wewe tunaogopa nini?

Na kama mama tayari yuko mbinguni? Sala haipotei kwa Mungu. Wale ambao Kanisa limewatangaza watakatifu hatuwaombei. Hatuwaombei Mashahidi wa Uganda waliotangazwa mwaka 1964, wala Yosefina Bakhita, mtawa mzaliwa wa Sudani, aliyetangazwa mwaka 2000. Hao tunawaomba watuombee.

Naandikishaje Misa ya marehemu, na bei yake ni kiasi gani?

Unakwenda ofisi ya parokia, au unamwona katekista wa kigango, unataja jina la marehemu na siku unayotaka, wanaandika kwenye kitabu cha nia. Parokia za mjini weka nafasi mapema, hasa kwa Dominika. Taja jina la ubatizo na la ukoo, na kama ni kumbukumbu ya mwaka sema hivyo.

Bei haipo, kwa sababu Misa haiuzwi. Kuna sadaka ya nia ya Misa, ambayo kiwango chake huwekwa na maaskofu wa jimbo kuu na majimbo yaliyo chini yake, na ni msaada kwa padre na kazi za Kanisa. Sheria ya Kanisa, kanuni 947, inataka hata kivuli cha biashara kiepukwe. Kanisa lilijifunza hili kwa machozi. Lile sakata la kuuza rehema huko Ujerumani, lililomfanya Martin Luther aandike hoja zake mwaka 1517, lilikuwa kosa la kweli, na Mtaguso wa Trento ulikemea faida chafu ya namna hiyo.

Sina chochote cha kutoa. Baba yangu atakosa Misa?

Hapana. Kanuni 945 inawahimiza mapadre kuadhimisha kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila kupokea sadaka. Mwambie paroko hali yako bila aibu. Pia kila Misa inayoadhimishwa duniani, katika Sala ya Ekaristi, ina sehemu ya kuwakumbuka marehemu. Hapo mtaje baba yako kimoyomoyo. Komunyo yako ya siku hiyo mtolee yeye. Njia nyingine ni kufunga, kumsamehe mdeni wake, kumtembelea mgonjwa kwa nia yake.

Padre alisoma majina thelathini katika Misa moja. Ni halali?

Kwa kawaida kila nia iliyotolewa sadaka yake hupewa Misa yake. Agizo la Roma la mwaka 1991 liliziwekea nia za pamoja kikomo cha siku mbili kwa wiki; kwa agizo jipya la mwaka 2025 zinaruhusiwa pale maaskofu wa jimbo kuu na majimbo yaliyo chini yake wameamua hivyo, kama watoaji wameelezwa na wamekubali, na padre anabaki na sadaka ya nia moja tu. Ukitaka Misa ya peke yake, sema tangu ofisini.

Misa za Gregori ndizo zipi?

Ni Misa 30 kwa siku 30 mfululizo, kwa marehemu mmoja. Zinatokana na Papa Gregori Mkuu. Katika monasteri yake Roma, mmonaki tabibu aitwaye Yusto alikutwa ameficha vipande vitatu vya dhahabu, kinyume cha nadhiri ya ufukara. Alipokufa, Gregori aliagiza aombewe Misa kila siku kwa siku thelathini, na zilipotimia Yusto akamtokea ndugu yake Kopioso na kumwambia sasa yuko vizuri. Parokia yenye padre mmoja ni vigumu kuzipata bila kukatika, kwa hiyo watu wengi huziomba kwenye nyumba za watawa.

Novemba kuna nini hasa?

Tarehe 2 Novemba ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Desturi hiyo ilienea kutoka kwa Odilo, abate (mkuu wa monasteri) wa Cluny nchini Ufaransa, karibu na mwaka 1000. Mwaka 1915, vita kuu ikiendelea, Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliruhusu kila padre kuadhimisha Misa tatu siku hiyo: moja kwa nia anayotaka, moja kwa marehemu wote, moja kwa nia za Papa. Vita hiyo ilipiganwa hapa kwetu pia, na wapagazi wengi wa Afrika Mashariki walikufa njiani bila kaburi linalojulikana. Siku hiyo ni yao pia.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8, ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, unaweza kupata rehema kamili kwa ajili yao, mara moja kila siku. Tarehe 2 inapatikana pia kwa kutembelea kanisa na kusali Baba Yetu na Nasadiki. Masharti: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote hata ndogo. Kitubio kimoja kinatosha kwa siku kadhaa, Komunyo ni kwa kila rehema. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Idara ya Toba ya Kitume iliongeza muda huo mwezi mzima.

Ukifika Bagamoyo mwezi huo, usiishie ufukweni. Nenda misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu, upite kwenye makaburi ya wamisionari. Safu za misalaba, wengi waliolala pale homa iliwachukua wangali vijana, mbali kabisa na kwao. Hakuna shangazi wala mpwa wa kuja kung'oa majani na kuwasha mshumaa. Wasalie wewe.

Arobaini ni desturi ya Kikatoliki?

Sheria ya Kanisa haiilazimishi, wala haiikatazi. Liturujia ya Kilatini ilizoea siku ya tatu, ya saba, ya thelathini na kumbukumbu ya mwaka. Hata hivyo arobaini ina mizizi mirefu katika Ukristo: Ambrosi, askofu wa Milano, alihubiri siku ya arobaini baada ya kifo cha Kaisari Theodosio mwaka 395, akataja kuwa wengine hushika ya tatu na ya thelathini, wengine ya saba na ya arobaini. Kwa hiyo ndugu zako wakipanga arobaini, wewe peleka Misa. Ila mkikopa fedha za ng'ombe na muziki na kusahau Misa, mmefanya sherehe tu.

Namwota marehemu baba, anaonekana na shida. Wanasema anadai kitu, niende kwa mtaalamu.

Usiende. Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza kuwauliza wafu, na huyo mtaalamu atakupa adui, mara nyingi shangazi yako mwenyewe, kisha ukoo usambaratike.

Ndoto yenyewe isikutishe. Mwaka 203 huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, mama kijana aitwaye Perpetua alikuwa gerezani akisubiri kuuawa kwa ajili ya imani. Aliandika mwenyewe aliyoyaona. Alimwona mdogo wake Dinokrate, aliyekufa na miaka saba kwa kidonda kibaya cha uso, akitoka mahali pa giza, ana joto na kiu. Palikuwa na birika la maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo cha mtoto, anajinyoosha hafiki. Perpetua hakutafuta mchawi. Alisali usiku na mchana kwa machozi. Siku kadhaa baadaye akamwona tena: msafi, kidonda kimebaki kovu, ukingo wa birika umeshuka hadi kiunoni pa mtoto. Akanywa akashiba, akaenda kucheza kama watoto wanavyocheza. Jina la Perpetua limo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza mpaka leo.

Si kila ndoto ni ujumbe, nyingi ni majonzi tu. Ila fanya kama Perpetua: sali, andikisha Misa, na kama baba aliacha deni la kweli kwa jirani, lilipe.

Basi hii inatofautianaje na tambiko?

Katika tambiko mtu anamwelekea marehemu: anampa chakula au pombe, anamtuliza asidhuru, anamwomba mvua au uzazi. Katika sala tunamwelekea Mungu kwa ajili ya marehemu. Hatumwogopi, hatumlishi. Heshima kwa wazee waliotutangulia ni tunu ya kwetu na Kanisa haliifuti. Fagia kaburi, taja majina ya mababu mpaka unapokumbuka, wasimulie wajukuu. Hofu na sadaka kwa mizimu ndizo zinazoachwa. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 958, inaongeza kwamba sala yetu inawasaidia wao, na inafanya maombezi yao kwa ajili yetu yawe na nguvu.

Kaka yangu alijiua. Naruhusiwa kumwombea?

Ndiyo, ndugu yangu, na pole sana. Katekisimu, namba 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu waliojiua, kwa maana Mungu kwa njia anazozijua yeye anaweza kuwapa nafasi ya kutubu, na kwamba Kanisa linawaombea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimtaji aliyejiua kati ya wanaonyimwa mazishi. Anayekwambia vinginevyo anarudia mambo ya zamani. Andikisha Misa kwa jina lake waziwazi.

Baba alikuwa Mwislamu, bibi Mlutheri. Na mtoto wangu alikufa kabla ya kubatizwa.

Kanuni 901 iko wazi: padre ni huru kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au mfu. Waandikishe wote. Kuhusu mtoto, Katekisimu namba 1261 inamkabidhi kwa huruma ya Mungu na kwa upole wa Yesu aliyesema waacheni watoto waje kwangu. Askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza. Mama aliyepoteza mtoto namna hiyo aombewe naye pia, maana mara nyingi anaambiwa anyamaze asahau.

Tuliambiwa marehemu hakuhudhuria jumuiya wala hana kadi ya zaka, hivyo hatazikwa na Kanisa.

Kanuni 1184 inataja wanaonyimwa: waliojitenga na imani kwa wazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Hata hao, wakionesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kukiwa na shaka, anaulizwa askofu. Kadi haimo humo. Naelewa viongozi wa jumuiya wanataka watu washiriki, na mtu aliyeishi peke yake anawanyima wenzake mengi. Lakini kumwadhibu mfu ili walio hai wajifunze naona si haki, na wanaoumia ni mjane na watoto. Nenda kwa paroko kwa utulivu, ikibidi hadi kwa askofu. Na hata ibada ikikosekana, hakuna awezaye kukuzuia kumwombea.

Nyumbani nisali nini?

Zaburi 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia," imetumika kwa marehemu tangu zamani. Rozari, hasa ile ya jioni wakati wa msiba, iendelee hata baada ya watu kutawanyika. Na sala fupi kuliko zote, ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina." Iunganishe na sala ya chakula cha usiku, kila mtu mezani ataje jina moja.

Naweza kuandikisha Misa kwa ajili yangu mwenyewe kabla sijafa?

Unaweza, ukiwa hai, kwa nia ya neema ya kufa vizuri. Za baada ya kifo ziache kwenye wosia: andika idadi ya Misa unazotaka, tenga sadaka yake, taja nani atakwenda ofisi ya parokia. Usimwachie "familia," kwa kuwa kazi ya wote haina mwenyewe. Mchague mtu mmoja, mwambie mbele ya wengine. Andika pia kwamba kwenye mazishi yako wasikuite mtakatifu, waombe.